Itongo si shamba

Watu wa gazeti wananisumbua niandike kisa hiki, kana kwamba mihogo yangu inajimenya yenyewe. Haya, nasema.

Nilikuwa kwa chefu wa kijiji, karibu na Luvungi, nangoja shauri langu lisikilizwe. Akaingia kijana wa mjini pamoja na mnunuzi, kuuza ardhi ya marehemu baba yake. Mama yake alimfuata nyuma, hakuna aliyemwita. Mnunuzi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Ni shamba tu, chefu," kijana akasema.

Mama akatandika kitenge chake chini, akakaa katikati yao.

"Shamba iko kule bondeni, kwenye mihogo. Ile uza hata leo. Hii ni itongo! Baba yako amelala ndani ya ule ua, na kitovu chako tulikizika pale. Tangu vita itushushe mjini Kilibula kupanga, nikifunga macho naona mlango wangu. Minye mutanizika wapi? Kwa mwenye nyumba?"

"Mama, nyumba yenyewe ilishaanguka."

"Nyumba ni matofali, weye mutoto."

Mnunuzi akarudisha kalamu mfukoni. "Mimi silimi juu ya baba ya muntu," akasema, akatoka.

Nami naishi Kilibula. Kitanda ninacho, sufuria ninazo, itongo sina.

Chefu alimtoza kijana mbuzi mmoja kwa wazee wa ukoo, tena akamwamuru apalilie kaburi la baba yake. Mbuzi alimtoa upesi. Kaburi hakulijua liko wapi. Ilibidi amwombe mama yake, mbele yetu sote, ampeleke.