Kahaso Haachii Mpaka Useme Umeshika

Nasema mapema: Kahaso Jefwa ni rafiki yangu, na simsifu kwa kificho. Mimi napokea wagonjwa katika zahanati yetu ya Msambweni. Yeye hutunza seva za picha za eksirei za zahanati zetu zote. Seva zilikuwa tatu, Tiwi, Kinondo na hapa, na kila picha ilikuwa na nakala katika mbili kati ya hizo.

Mwaka huu zikajaa pomoni. Ikanunuliwa ya nne, ikawekwa Ukunda, na Kahaso akapewa kazi ya kuhamishia huko sehemu ya picha ili nyingine zipumue.

Meneja wetu Gedion, mtu wa bara, hana subira. "Kahaso, si uhamishe zote leo, ufute za kitambo, tumalizane na hii maneno?"

"Hapana, bosi. Nitahamisha kidogo kidogo, nisije nikaubana mtandao daktari akakosa kuona picha. Na sitafuta ya zamani mpaka niifungue ile mpya niihakikishe."

Nyanya yake Kahaso alikuwa mkunga Kinondo. Kwao, anayekabidhi mtoto mchanga haondoi mikono mpaka mpokeaji atamke, "Nimeshika." Gedion aliposikia hayo akaanza kumwita Bi Nimeshika, kwa kejeli. Iliniudhi! Mwenyewe alicheka tu, akaendelea na kazi.

Wiki iliyofuata seva ya Tiwi ikafa ghafla, imeliwa na chumvi ya bahari. Asubuhi hiyo hiyo Mzee Fondo alikuwa kwetu. Daktari alitaka picha ya kifua chake ya mwaka jana, ailinganishe na mpya, ndipo aamue kama atampasua uvimbe ulioonekana humo. Nakala moja ilikuwa Tiwi. Nyingine ilikuwa njiani, kutoka Kinondo kwenda Ukunda.

Gedion akaja mbio, akamkuta Kahaso mapokezi kwangu. "Ya Ukunda iko sawa?"

"Imefika nusu."

Gedion akajishika kichwa.

"Kwa hiyo ya Kinondo sikuifuta," Kahaso akasema, akamgeukia mgonjwa. "Shikamoo, mzee. Picha yako ipo."

"Marahaba, mwanangu."

Daktari akazitazama zote mbili. Uvimbe haukuwa umekua hata chembe, na Mzee Fondo akarudi nyumbani bila kupasuliwa.

Kahaso akaituma upya Ukunda. Ilipofika, Gedion aliifungua mwenyewe, akaikagua ubavu mmoja baada ya mwingine.

"Nimeshika, Bi Kahaso," akasema, safari hii bila kejeli.

Mimi nikainama chini ya meza, nikijifanya naokota kalamu, wasinione nikilia kwa fahari.