Siku Niliyojiombolezea Bungoma

Wachezaji walikuwa wamesimama mduara katikati ya uwanja wa Bungoma, mikono mgongoni, vichwa chini. Refa alikuwa amepuliza filimbi moja ndefu, na watu wote wakanyamaza, hata wale wa upande wa mabati ambao sijawahi kuwaona wamefunga mdomo tangu niwajue. Mimi ndiyo nilikuwa nafika, vumbi la njiani bado liko kwenye viatu. Nikamwinamia mama muuza miwa pale langoni, nikamuuliza polepole, "Mama, nani amekufa?"

"Ni refa mmoja wa Kitale," akaninong'oneza bila kunitazama. "Ati alikufia huko Kapsokwony. Maskini, na alikuwa mtu wa haki."

"Anaitwa nani?"

"Barasa."

Barasa ni mimi. Refa wa jina hilo Kitale yote ni mmoja, ndiye huyu anayeandika. Mtu atauliza, si ungepiga kelele? Hata mimi nimejiuliza. Nilichofanya ni kujishika mkono, nikatafuta mshipa kama bado unapiga. Halafu nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikasimama kimya na wengine mpaka filimbi ikalia tena.

Sasa nirudi nyuma, nieleze nilivyofika hapo.

Mimi niliishia darasa la saba. Nina kashamba ka mahindi nje ya Kitale, lakini kazi niliyoipenda ni filimbi. Nimechezesha mpira Trans-Nzoia na Bungoma mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe, nikingoja kitu kimoja tu, kupandishwa daraja nichezeshe ligi ya taifa. Mwaka huu mwenyekiti wa marefa, Simiyu, aliniambia jina langu limeingia. Kilichobaki ni jaribio la mbio pale Bungoma. Kwa umri wangu hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na yeye alilijua hilo vizuri.

Kabla ya jaribio nilichezesha mechi moja Kapsokwony. Mshika kibendera wangu alikuwa Kelvin Mabonga, kijana anayesimamia pia ukurasa wa marefa kwa mtandao. Kelvin aliinua kibendera ati mfungaji ameotea. Mimi nilikuwa karibu na mpira kuliko yeye, nikakubali goli. Alinuna. Mpaka tukiachana hakunijibu kwaheri. Nikiteremka mlima kwa pikipiki mvua ikatupiga, tukaanguka kwenye mfereji, simu yangu ikanywa maji ikafa. Nikasema haidhuru, ni wakati wa kuvuna, sina haja na simu. Jaribio nalijua ni lini.

Kumbe jioni ileile Kelvin alichukua picha yangu, akaiwekea mshumaa na maua, akaandika juu, "Pumzika kwa amani, refa Barasa." Chini kabisa akaandika kwamba aliyekufa ni kipaji changu, kimezikwa Kapsokwony. Watu wakasambaza picha na yale maneno ya juu. Ya chini yakabaki. Nikiwa nachambua mahindi na mke wangu Nekesa, watu nisiowajua walikuwa wananililia.

Siku ya safari, siku moja kabla ya jaribio, niliondoka Kitale asubuhi na ukungu. Singh wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anapeleka mabati Lugulu, akaniruhusu nipande mbele na dereva wake, Mwangi. Mwangi ni Mkikuyu wa Kiminini, mtu wa kuongea bila kupumzika, na mpira anaujua. Siku hiyo alinisalimia kwa kichwa tu. Tulipotoka mjini akazima redio.

"Barasa," akasema baadaye, macho mbele. "Wewe una pacha?"

"Pacha wa nini?"

"Nauliza tu, bana."

Nikaona anaangalia chini, anarudisha macho barabarani, anaangalia chini tena. Nikadhani kuna kitu kinavuja. Kumbe alikuwa anaangalia miguu yangu kama imekanyaga chini kama ya mtu hai.

Kamukuywa tulisimama aongeze mafuta. Kijana mmoja alikuja mpaka kwenye dirisha langu, akainua simu yake kando ya uso wangu, akatazama simu, akatazama mimi, simu, mimi. Nikamwambia, "Niaje?" Alirudi kinyumenyume polepole, vile mtu anavyoachana na nyoka, mpaka akaingia nyuma ya mashine ya mafuta. Mwangi alipanda akawasha gari kabla sijafunga mlango vizuri.

Lugulu aliniteremsha njia panda ya hospitali ya misheni. Nilimshukuru, nikampa mkono. Aliutazama ule mkono, akaupokea kwa ncha za vidole, halafu akaufinya kwa nguvu mpaka nikasema aa. Ndipo nikamwona anacheka mara ya kwanza, lakini machozi yalikuwa yanamlenga. "Enda salama," akasema. "Ukifika Bungoma, ongea na watu. Waongeleshe sana."

Wanjala, refa mwenzangu, nyumba yake iko hapo karibu. Tumekimbia pamoja miaka mingi, kwake mimi huingia bila kubisha. Siku hiyo mkewe Nafula alinisikia nikiita uani, akafunga mlango kwa komeo, akatokea dirishani.

"Shemeji, simama hapo hapo. Usikanyage kizingiti changu."

"Nafula, kuna nini? Ni mimi."

"Naona ni wewe. Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akauliza mama alizikwa upande gani wa boma. Nikamwambia. Halafu akapitishia sahani dirishani, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, ugali na mboga za sageti, akavuta mkono haraka.

"Kula. Kula nikiona."

Nilikula nimesimama, kwa sababu kiti hakutoa. Hakutazama sahani. Alitazama koo langu, kila tonge likiteremka. Nilipokunywa maji akapumua.

"Wanjala yuko wapi?"

"Ameenda Bungoma tangu asubuhi. Ameenda kwa ajili yako."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani ameenda mapema kunishangilia nikikimbia kesho yake.

Kutoka Lugulu nilichukua pikipiki. Tukipita Matulo, miwa imesimama pande zote mbili na hakuna mtu barabarani, mwendeshaji akapunguza mwendo.

"Mzee, uko?"

"Niko."

"Basi nishike. Nasikia kama nimebeba gunia tupu."

Nikamshika mabega. Alicheka kidogo, nikacheka pia, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya changu. Tukafika Webuye. Hapo nikapata gari la Bungoma, na ndipo nikaingia ule uwanja, nikakuta ile dakika.

Filimbi ya kumaliza ukimya ilipolia, mama wa miwa aliinua macho. Picha yangu ilikuwa imebandikwa mbele ya meza ya viongozi, na mshumaa wake. Aliitazama ile, akanitazama mimi. Kisu kikamtoka mkononi. Hakupiga yowe. Alisema tu "Wele wangu," yaani Mungu wangu, akavuta mabinti zake wawili nyuma ya sketi. Watu waliokuwa karibu wakageuka, wakaachana katikati, njia ikafunguka kutoka langoni mpaka mezani. Nikaipita. Pande zote mbili simu zilikuwa zimeinuliwa.

Refa aliyekuwa na filimbi alikuwa Wanjala. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kwa mkono. Aliponiona alikishika kama kinamchoma, akakaa chini kwenye nyasi.

Wa kwanza kuongea alikuwa Kelvin, na alikuwa anarekodi. "Wadau, mnaona live! Refa amefufuka! Niaje, mzee wa makaburi?"

"Kelvin, ni wewe uliniua?"

"Ah, mzee, ilikuwa ni kucheka tu. Si niliandika chini pale ati ni kipaji? Watu hawasomi mpaka chini."

Nikamgeukia Simiyu. Alikuwa ameketi na suti nyeusi, amevaa kwa ajili ya matanga yangu.

"Mwenyekiti, kesho nakimbia."

"Barasa," akasema, "nafasi yako nilishampa mtu siku ile nilipoona picha. Siwezi kumnyang'anya sasa."

"Ulimpa nani?"

Akamtazama Kelvin.

"Ulinipigia simu? Ulituma mtu nyumbani? Uliona maiti?"

"Simu yako ilikuwa imezimwa. Na maiti hapokei simu, bana."

Watu wawili watatu walicheka. Kapteni wa timu ya nyumbani hakucheka. Alikuja mbele, akaongea kwa heshima, na yeye ndiye aliyenimaliza kuliko wote. "Mzee, usikasirike. Sisi tumeshakusimamia kimya. Huku kwetu mtu akishaombolezwa hatuwezi kumfuata filimbi yake mpaka asafishwe. Vijana wangu wakivunjika miguu, nitawaambia nini wazazi wao?"

Kesho yake asubuhi nilienda kukimbia hata hivyo. Umande ulikuwa mwingi, na marefa walikuwa wamepangwa kwenye mstari. Nilipojiunga, wa kulia kwangu alisogea, wa kushoto akasogea. Mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu ana watoto wadogo, aliniambia, "Barasa, naomba usinipite. Ukinipita nitasema nimepitwa na nani?" Wakaanza bila mimi. Walipomaliza nikakimbia peke yangu, mizunguko yote, na nilikimbia vizuri, miguu ilikuwa myepesi kuliko miaka yote. Nikimaliza nikamwangalia mwenye saa. Alikuwa ameigeuza uso chini kwenye nyasi. Hakuibonyeza hata mara moja.

Kelvin alipita jaribio. Wanjala alinisindikiza mpaka steji ya magari, akitembea kando yangu, akaniambia tu, "Ningekuja kwako kwanza kuuliza. Ningekuja." Nikamwambia ndiyo, ungekuja.

Nilirudi Kitale njia ileile, lakini nilipita Lugulu bila kuteremka. Nyumbani Nekesa alikuwa ameshaambiwa. Wazee wa ukoo walikuwa uani, wamemzuia kunifungulia mlango wa mbele. Walisema mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani kwake mpaka kondoo achinjwe, na kondoo huyo lazima atoke kwa yule aliyeanzisha kilio. Nikinunua mimi, itakuwa nimekubali kwamba nilikufa. Kwa hivyo nalala jikoni. Nekesa ananiletea chai, ananikabidhi nje ya mlango, na mara nyingine namwona ananitazama koo.

Nilijaribu kuchezesha vijana wa mtaa, mechi ya kirafiki tu. Nikapuliza filimbi kuanza. Wote walinisikia, niliona wakishtuka. Hakuna aliyegusa mpira.

Kelvin alifuta picha. Lakini kufuta huko ni kwake. Kwa magrupu ya simu bado inatembea, na kila mara mtu wa mbali anaandika pole kwa familia.

Nilichojifunza ni kwamba kidole kimoja kinaweza kuchimba kaburi, na mkubwa wa kazi akalijaza udongo bila kuchungulia ndani. Kelvin Mabonga, umeshaitwa na wazee mara tatu na hujaja. Leta kondoo Kitale mchana, watu wakiona, na kwa ukurasa uleule uandike kwamba uliniua kwa mchezo. Na wewe, Simiyu, uliyevaa suti nyeusi: ulitoa nafasi yangu kwa mtu aliyenizika. Simama mbele ya marefa wote na wachezaji wote wa Bungoma, ujibu swali moja. Maiti yangu uliiona wapi?