Jiwe la Kijani na Nyundo ya Broka

Ukiniona nimenuna, mwanangu, ujue nimekumbuka ile siku ya nyundo pale Kibwezi. Mimi nimezeeka, hasira yangu bado.

Shangazi Mwende alikuwa anachimba mtaro shambani akaokota jiwe la kijani, ukubwa wa kidole gumba, safi kama chupa ya soda. Alitaka kitu kimoja tu: tangi la maji, aache kufuata punda mtoni.

Broka, dalali wa mawe, akaja na nyundo yake, viatu vinang'aa kuliko jiwe lenyewe. Akalitazama, akacheka.

"Mama, hii ni chupa. Jiwe la kweli halivunjiki. Gonga uone."

Nilikuwa msichana wa kuuza ndengu sokoni. Nikasema, "Shangazi, kwanza ataje bei."

"Wewe wa ndengu, nyamaza," broka akanifokea. "Haya ni mambo ya mawe."

Shangazi akapokea nyundo ya broka, akagonga. Likasambaratika.

"Si nilikuambia?"

Halafu huyo mtu wa viatu akapiga magoti vumbini, akaokota vipande vyote, hata vile vya kama punje ya mtama. Akamwachia shangazi pesa ya sukari na majani chai, eti pole.

Nikamuuliza, "Chupa unaokota ya nini?"

"Watoto wasijikate."

Watoto gani? Nilitazama mara mbili. Hapakuwa na hata mmoja.

Shangazi alifuata punda mpaka miguu ikakataa.

Baadaye ndiyo nikaelezwa: ilikuwa garneti ya kijani, na ni nchi chache sana zinazoipata. Chembe ndogo utaziona. Kubwa isiyo na nyufa ni adimu, ndiyo maana vipande vyote pamoja havifikii bei ya jiwe zima. Na ugumu wa jiwe ni kukwaruzana, si kushindana na nyundo. Hata almasi hupasuka. Yule mwizi alijua! Jiwe zima lingefika kwa mnunuzi mwingine; vipande alipata karibu bure.

Sasa umeniletea hili jiwe la kijani ulilookota Matinyani, na unaniambia kijana wa pikipiki anakuja kesho kulijaribu kwa nyundo. Asiliguse. Lipeleke kwa mpimaji wa madini wa serikali, na usiende peke yako. Limekwaruza chupa, sawa, lakini hata mawe meupe ya mtoni hukwaruza chupa, kwa hivyo usianze kuchagua rangi ya gari. Na mtu akikuambia chako ni takataka, ngoja uone kama atainama kukiokota.

Nenda, mwanangu. Mungu akurudishe na jiwe likiwa zima, na siku moja akuwekee mlangoni lile tangi ambalo yule broka mshenzi alimnyima shangazi.