Nyuzi Ishirini za Bi Hamira

Majirani walimwita Bi Hamira, na jina hilo halikutokana na keki alizopika kwa kuuza. Mwanamke huyu alikuwa mwepesi wa kuumuka. Mguse kidogo tu, anafura mpaka anajaa mlangoni. Lakini keki zake zilikuwa tamu, kwa hiyo watu walizila, na matusi wakayameza.

Oveni yake ilipokufa alinunua nyingine iliyokwishatumika, kubwa kama kabati, iliyotoka ng'ambo. Namba za swichi yake zilipanda hadi mia tano. Bi Hamira akasema hiyo ni ya kuchomea matofali, lakini akaipenda.

Keki ya kwanza ilikuwa ya harusi ya mpwa wake. Akaweka mia na themanini kama alivyozoea, akafunga, akaenda zake kusukwa nywele. Aliporudi akakuta uji. Uji wa vuguvugu, wenye zabibu kavu.

Mumewe, fundi wa majokofu, aliinama akaitazama swichi. Akamwambia kile kiherufi F ni Farenhaiti, na mia na themanini ya hapo ni kama themanini na mbili tu ya Selisiasi waliyoizoea. Hata maji hayachemki, sembuse keki. Akamfundisha: zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, kisha ongeza thelathini na mbili. Bi Hamira akaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, akapata mia tatu hamsini na sita. Keki ya pili ikapanda vizuri, naye akaimba kwa sauti mbaya.

Ila alikuwa na desturi ya kupunguza nyuzi ishirini keki ikishaanza kushika rangi. Ishirini nayo akaipitisha njia ile ile, ikatoka sitini na nane. Akapunguza zote. Keki ikabonyea katikati kama kiti cha mtu mnene.

Hapo aliumuka kwelikweli. Alisema hesabu za mumewe ni kama majokofu yake, zinapoza kila kitu. Mume alingoja ashuke.

"Mke wangu, tulipooana nilikuzidi miaka mingapi?"

"Tisa. Unataka kupunguziwa?"

"Na kila mwaka unaopita, unaniongezea tisa nyingine?"

"Ningekuwa nimeshakuzika."

Basi thelathini na mbili ni hivyo hivyo, akamweleza. Barafu kwetu inaanzia sifuri, kwao imeshafika thelathini na mbili. Unaiongeza ukitaka kujua joto limefika wapi. Ukitaka kujua limeshuka kiasi gani, mwanzo hauna kazi. Kinachobaki ni ukubwa wa nyuzi, na moja yetu inakaribia mbili zao. Zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, ukomee hapo: ishirini ni thelathini na sita, basi.

Bi Hamira akaifuta hesabu yake mezani kwa kiganja. Kilichomuuma haikuwa keki. Kilichomuuma ni kwamba mtu asiyejua soksi zake zinakaa wapi alikuwa amesema kweli.

Akakoroga ya tatu, akapunguza thelathini na sita, ikatoka imesimama. Harusini iliisha kabla ya hotuba. Siku ya pili akachukua rangi yake ya kucha, akaandika namba za Selisiasi kuizunguka swichi yote, nyekundu kama malaya, na akapiga marufuku mtu kuigusa.

Ile iliyobonyea alikabidhiwa mume. Aliila wiki nzima, akimimina chai kwenye shimo, na akawa na busara ya kutosema kwamba ilikuwa tamu kuliko ya harusi.