Siku Niliyoosha Jiwe la Daktari

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Free Area, mtaa wetu kule Nakuru, nageuza uso, lakini acha niseme, na majina nitataja, kwa sababu aibu niliibeba peke yangu na sikuianzisha peke yangu.

Nilikuwa nachunga stoo ya Daktari Chepkoech, mama anayesomea mawe. Aliyatoa Turkana, mawe ya zama za Kretasia, wakati wa dinosa, mchanga na tope la mto wa zamani vikakauka vikawa mwamba (sisi wa Nakuru mawe yetu ni ya juzi, ya volkeno). Aliniahidi wageni wake wakiridhika na stoo, nitaandikwa kazi kabisa.

Asubuhi ya siku ya wageni, Njoroge dereva wake akachungulia. "Mzee, uchafu huu ndio wageni wataonyeshwa?"

Jirani yetu Mama Shiro akachochea, "Na vile ulikuwa unaosha karoti Molo."

Ni kweli, Molo karoti haiendi sokoni na udongo. Nikajaza karai maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikaloweka lile jiwe jekundu, saizi ya ngumi, ambalo Daktari alilipenda kuliko yote, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, jiwe halipo. Karai imejaa uji mwekundu. Nikatia mkono mpaka chini nikipapasa, ukatoka na tope tu. Kitu kilichoishi na dinosa kimeyeyuka kama biskuti kwa chai.

"Finyanga," Njoroge akasema. "Nani atajua?"

Na mimi mjinga nikafinyanga, nikaanika juu ya bati kwa jua kali, saa tisa wageni wakifika liko kwa karatasi yake, limetulia.

Sasa nani aliwahi kuniambia watu wa mawe huonja mawe? Mbele ya wageni wote Daktari akaeleza kwamba tope laini halikwaruzi meno, akamega kipande, akatafuna. Povu likatokea pembeni mwa mdomo. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

"Baba Mercy," akaniita polepole, "umefanya nini?"

Kabla nifungue mdomo, Njoroge (huyo huyo) akasema, "Daktari, mimi nilimkataza."

Daktari hakupiga kelele. Alijifuta, akaniambia, "La aina hiyo lilikuwa moja tu. Pale lilipotoka, mvua ilishabeba mengine."

Nimerudi Molo kuosha karoti. Kitu cha mtu sikitii maji tena mpaka mwenyewe aniambie kwa mdomo wake. Na stoo, nasikia, siku hizi inachungwa na Njoroge.