Uwanja Mweupe Pee

Ncha ya mti wa mlingoti ilipita chini ya tairi, karibu kiasi cha kuhesabu majani. Mbele ukungu, nyuma ukungu. Bosi wangu akavuta usukani mpaka tumboni, ndege ikanguruma kurudi juu, na mimi nikatapika ndani ya kofia yangu mpya niliyoinunua makusudi kwa ajili ya mkutano.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa wenye ndege ndogo, pale Njombe. Mimi sina ndege. Nina darasa la nne, na miaka ishirini ya kutengeneza malori ya bosi huyo kule Makambako. Aliponunua kindege chake cha viti vinne akakiweka Dodoma, na siku ya mkutano akanibeba nikakioshe, watu wakikute kinang'aa.

Tuliruka alfajiri. Nisiseme uongo, nilifurahi kupita kiasi. Chai ya Mufindi ilikuwa imenyolewa kama vichwa vya wanafunzi. Juu ya Makambako nikaliona bati langu lenye kutu, na mke wangu uani anaanika mahindi. Nikampungia mkono, kana kwamba ataniona.

Hapo bosi akashuka kidogo ili simu ishike. "Mpigie mlinzi wa uwanja wa Njombe. Muulize, mweupe?"

Hiyo ni lugha yetu ya malori. Dereva akikuuliza njia, ukamjibu "nyeupe", maana yake hakuna trafiki, pita tu. Sasa yule mlinzi ni mzee wa kijiji cha Yakobi, mkulima. Ya malori atayajulia wapi?

"Kamwene, baba!" nikamsalimu Kibena kwa kelele. "Uwanja mweupe?"

"Mweupe, mwanangu! Mweupe pee!"

Ile "pee" ilipaswa kunishtua. Njia haiwi nyeupe pee. Cheupe pee ni shuka, au Njombe yenyewe asubuhi ya mwezi wa saba.

Tulipofika, mji haupo. Ukungu umelala kila mahali.

"Bosi, huko chini hakuonekani."

"Si umemsikia mwenyewe? Kaukungu kembamba haka, tunakatoboa."

Akakatoboa. Ndipo tukakutana na ule mlingoti.

Tukazunguka juu, mshale wa mafuta unazidi kulala, tukingoja jua lichane ukungu. Nilisali Kilutheri, kisha nikaongeza Salamu Maria ya jirani zangu wa misheni, isije ikapungua. Uwanja ukafunguka, tukatua. Wenye ndege wenzake wakatupigia makofi. Mlinzi akaja mbio na chupa ya chai, amekasirika kweli.

"Nimewaambia mweupe! Sasa mmekuja kufanya nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Chai yake ilikuwa tamu ajabu.

Lakini chini ya turubai la mkutano bosi akashika kipaza sauti: "Fundi wangu huyu aliuliza vibaya, nusura atuue." Watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka, ningefanyaje? Tangu siku hiyo, kila akisimulia, muuaji ni mimi.

Mzee wa Yakobi hana kosa. Aliulizwa rangi, akataja rangi. Neno lilikuwa lako, bosi, na usukani ulikuwa wako. Mwaka huu mkikutana tena, kishike kipaza sauti hichohicho uwajibu walionicheka: ulipoambiwa chini hakuonekani, ulishuka kwa nini?