Jina la Mwenye Kisu

Katika familia yetu hakuna aliyewahi kuwa chifu. Cheo tulichorithi ni kimoja, nacho hakikuandikwa popote: Mwenye Kisu. Babu yangu alikuja Ishiara akiuza chumvi na shanga, akabaki. Wazee wa Kimbeere, wenyeji wa pale, walipoona kwamba wageni Waislamu hawagusi nyama ya sokoni, walimwomba awe anachinja yeye, ili watu wote wale kutoka sufuria moja. Wakampa jina hilo, na haki yake ikawa shingo ya kila mnyama. Babu akamwachia baba, baba akaniachia mimi. Namshukuru Mwenyezi Mungu, nimelibeba kwa amani.

Mwanangu wa pekee nilimfundisha. Alijua kunoa kisu mbali, mnyama asikione, na kumlaza akielekea kibla. Sasa ni mlinzi Doha. Nilipomwambia kwa simu kwamba mkono wangu umeanza kutetemeka, alisema, "Baba, huku nyama huja imeshakatwa." Hakukusudia ubaya. Mama yake tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Simu ilipokatika, nilisikia mabati yakilia kwa joto la jua, na hakuna sauti nyingine.

Mwezi uliopita jirani yangu, mkulima Mkristo ambaye nimekua naye, alikuwa anamwoza mjukuu wake. Akaniita nije nichinje fahali. Usiku mzima niliwaza. Kisu kikiteleza mnyama huteseka, na hiyo ni dhambi juu yangu. Nikikataa, jina la babu linaishia pale uani kwa jirani. Asubuhi nikapita kichinjioni, nikamwomba mchinjaji mpya anisindikize. Ni mtu mzima kutoka Isiolo, Mwislamu mwenzangu, mpole, hana hata mwaka hapa. Sikumwambia sababu.

Tulikuta fahali ameshalazwa, wanaume wanne wamemshika. Nilipotoa kisu, ncha yake ikaanza kucheza. Jirani aliiona.

"Mzee, wewe sema tu yale maneno, mimi nikate," akasema. "Nimekutazama tangu ujana. Hata mtihani ningepita."

"Anayekata ndiye anayetaja jina la Mungu. Kazi hiyo haigawanywi."

"Basi tukushike mkono."

"Mtanishika mimi au mtashika fahali?"

Wote wakacheka, na mimi pia nikacheka. Kisha nikamgeukia yule wa Isiolo, nikampa kisu cha babu. Alikitazama, akanitazama, akakipokea kwa mikono miwili. Akataja jina la Mungu, akakata. Mkato mmoja tu. Fahali hakupata hata nafasi ya kuhangaika.

Tulikaa tukisubiri wachunaji wamalize. Mara mke wa jirani akaita kutoka jikoni, kama alivyoita siku zote, "Mwenye Kisu! Njoo uchukue shingo yako!"

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Nikasimama pale pale. Mtu wa Isiolo alikuwa anaosha kisu kwenye karai, wala hakugeuka, maana jina lile halikuwa lake.

"Itika," nikamwambia.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Na hiyo shingo uichemshe polepole, ni ngumu."

Akaitika, kwa sauti ndogo kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mke wa jirani akachungulia mlangoni, akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akampa shingo. Aliponiletea sahani yangu, alikuwa amenichagulia nyama laini, kama anavyowapa wageni.

Nilirudi nyumbani kabla ya magharibi, mikono mitupu. Mwanangu hakupiga simu, na mimi sikumpigia, ningemwambia nini? Gogo la kukatia nyama liko pale pale kando ya mlango, limeingia bonde katikati kwa mapigo ya watu watatu. Nilifagia vumbi lililokuwa juu yake, nikatia udhu, nikaswali. Nikamshukuru Mungu kwa mkato ule mmoja. Kisha nikachemsha chai, kikombe kimoja.